Namna ya kuangalia muvi za zamani za Krismasi mpaka zikukolee

Kila Disemba lazima kuna mtu ataniuliza, we hizo muvi za kale za Krismasi unaonaga nini humo, mbona zote ni ileile tu, theluji inaanguka, kengele zinalia, mtu mbaya anageuka mzuri, watu wanakumbatiana, kwisha habari. Na simlaumu maana hata mi nilikuwa naongea hivyohivyo. Nikaja kugundua tatizo ni jinsi tunavyoziangalia, yaani tunaiwasha ijipigie kelele hapo sebuleni, sisi tunapiga stori, tunachati, tunaingia na kutoka, tukija kutulia zimebaki dakika kumi za mwisho na tunakuta watu wazima wanalia na kuimba. Lazima uone ni sukari tupu. Ni kama mtu aliyefika kesi imeshaisha, anawakuta waliokuwa wanagombana wanashikana mikono, afu anashangaa kwani hawa wana nini cha kushikana mikono kiasi hicho.

Kwa hiyo kama hutasoma kingine humu chukua hiki: muvi ya Krismasi litafute giza lake kwanza. Zile zilizodumu miaka na miaka zina giza nene katikati. Mwanaume amesimama darajani usiku anataka kujirusha mtoni kwa sababu ameambiwa akifa bima yake ina thamani kuliko yeye akiwa hai. Mzee wa watu anapandishwa kortini ili ithibitike ni kichaa. Bahili anaoneshwa kaburi lake mwenyewe, jina limeandikwa. Mtoto wa miaka minane kasahauliwa nyumbani na ukoo mzima umeshapanda ndege. Ukiliruka hilo giza ukabaki na mwisho wake, umelamba sukari chai umeimwaga.

Anza na moja

Usijipangie kumi kwa wiki, utachoka na utazichanganya. Anza na It's a Wonderful Life ya mwaka 1946, dairekta ni Frank Capra, steringi ni James Stewart. Najua, ni ya nyeusi na nyeupe, ina zaidi ya saa mbili na inaanza na nyota zinaongea angani. Mi mwenyewe mara ya kwanza nililala, mara ya pili nikalala tena, mara ya tatu ndo ilinikuta mwaka wangu umeniendea kombo, na hapo sikulala.

Kabla hujawasha, simu peleka chumba kingine. Sio kuigeuza kifudifudi mezani, peleka kabisa, kwa sababu hii muvi inakuwekea vitu vidogovidogo mapema afu inakuja kukudai mwishoni, na kama ulikuwa kwenye simu utadaiwa kitu ambacho hukukopa. Mfano, jamaa George anarudi nyumbani ule usiku mbaya, pesa za kampuni zimepotea, dola 8,000, kesho yake anaweza kulala ndani. Anapandisha ngazi, anashika kile kifundo cha mbao kilicho juu ya nguzo ya ngazi, kinamtoka mkononi. Ni kibovu. Unamwona kabisa anataka kukivurumisha, ile sura ya mtu ambaye nyumba nzima imemkaa kooni. Baadaye kabisa, akishapita aliyopitia, anapandisha ngazi zilezile mbio, kifundo kinamtoka tena, anakibusu.

Sasa hebu jiulize kimebadilika nini. Kifundo bado kibovu. Nyumba bado ni ileile iliyochakaa. Safari zote alizoota toka utotoni hajaenda hata moja. Na yule bwenyenye Potter aliyezikalia zile pesa, hakamatwi, hagundulikani, muvi inaisha yuko na pesa yake. Sisi tuliozoea kwamba adui lazima apatikane mwishoni hapo tunapata shida kidogo, mi nilikaa nasubiri kwamba kuna kipande kimekatwa. Hakijakatwa. Majirani wanamchangia pesa, sawa, ila yule mwanaume alikuwa ameshafurahi kabla hajajua kama kuna mchango, alikuwa anakimbia mtaani anapiga kelele za furaha huku anajua polisi wanaweza kuwa wanamsubiri nyumbani, na wapo kweli. Hapo ndo pa kuangalia, sio kwenye wimbo.

Kitu kingine cha kukamata kwenye hiyohiyo ni petali za ua. Binti yake mdogo, Zuzu, ua lake limepukutika, anamwambia baba libandike, baba anajifanya kalibandika kumbe petali zilizodondoka kazichomeka mfukoni mwake. Baadaye ukimwona anajipekua ule mfuko, acha unachofanya uangalie sura yake. Siongezi hapo.

Ukijua hii muvi ilipitia nini utaielewa zaidi. Hadithi yake iliandikwa na Philip Van Doren Stern, akakosa wa kuinunua, mwaka 1943 akaichapisha mwenyewe na kuwatumia watu kama 200 iwe ndo kadi yake ya Krismasi. Ikaja kuwa muvi, na ilipotoka haikurudisha hata gharama zake. Oscar iliteuliwa mara tano na ikatoka kapa, kilichopewa heshima ni mafundi wa studio, kwa ajili ya theluji. Afu mwaka 1974 hakimiliki ikaisha, haikuhuishwa, vituo vya TV vya Marekani vikaona hii ya bure, vikawa vinairusha Disemba nzima asubuhi mchana usiku mpaka watu wakakua nayo. Yaani kilichoifanya iwe ya kudumu ni mtu kusahau makaratasi. Ndo maana sipendi ile hoja kwamba muvi za zamani zilipendwa kwa sababu ya matangazo, hii ilipendwa ikiwa imeshazikwa.

Na hiyo theluji nayo usiipite hivihivi. Zamani walikuwa wanatumia konfleksi zilizopakwa rangi nyeupe, tatizo ukizikanyaga zinalia kra kra kra, mpaka maneno ya waigizaji yanarekodiwa upya baadaye. Hawa wakatengeneza ya povu, dawa ya kuzimia moto ikachanganywa na sabuni, ikawa haina kelele, ndo maana zile sehemu za nje sauti ni ya palepale. Ila walipiga picha wakati wa joto kali, kwa hiyo pale darajani mtazame Stewart usoni, anatiririka jasho katikati ya theluji. Mwanzoni ukilijua hilo utacheka. Ukiangalia mara ya pili utaona lile jasho linamkaa yule mtu kuliko ambavyo fundi yeyote wa mekapu angempaka.

Angalia ile ya nyeusi na nyeupe tafadhali, ile waliyoipaka rangi miaka ya themanini achana nayo, Stewart mwenyewe aliipinga hadharani. Usiku wa hii muvi unategemea weusi, ukiutia rangi umeupunguza.

Kwa nini giza liwe jingi hivyo

Tazama miaka. 1944, 1946, 1947, 1954. Hizi ni muvi za watu waliokuwa vitani au wanaomsubiri aliyeko vitani. Stewart alikuwa rubani wa ndege za mabomu, hii ilikuwa muvi yake ya kwanza baada ya kurudi, na alikuja kusimulia kwamba kwenye ile sehemu ya baa anapoomba dua yale machozi hayakuwa yamepangwa. White Christmas ya 1954, ambayo watu wanaikumbuka kwa manguo mekundu na kucheza, inaanzia vitani, mkesha wa Krismasi 1944, askari wanaimbiwa kwenye vifusi. Na Meet Me in St. Louis ya 1944, ule wimbo wa Krismasi ambao Judy Garland anamwimbia mdogo wake dirishani, maneno ya kwanza yalikuwa ya huzuni mno mpaka ikabidi mtunzi ayapunguze makali, Garland alisema nikimwimbia hivyo mtoto analia wataniona katili. Na hata baada ya kupunguzwa, wimbo unaisha mtoto anakimbilia nje na gauni la kulalia anayavunjavunja masanamu ya theluji waliyoyatengeneza, kwa sababu wanahama na hataki mtu mwingine abaki nayo. Hiyo ni muvi ya familia yenye rangi kama pipi! Kwa hiyo ukiona watu wa kwenye hizi muvi wanashangilia sana kitu kidogo kama mtu kurudi nyumbani, jua waliokuwa wamekaa ukumbini mwaka ule wengine wao kwao hakuna aliyerudi.

Ya pili: ile ya mahakamani

Ukishamaliza ya kwanza, pumzika siku kadhaa, afu chukua Miracle on 34th Street ya 1947. Hii ni nyepesi, inachekesha, na ni fupi. Mzee mmoja anaajiriwa kuwa Baba Krismasi kwenye duka kubwa la New York, shida inaanza anaposema yeye sio anaigiza, yeye ndiye. Edmund Gwenn alipata Oscar kwa huo uhusika. Kichekesho ni kwamba iliingizwa sinema katikati ya mwaka, mkuu wa studio aliona watu wanaenda sana sinema wakati wa joto, matangazo yakafichaficha kabisa kwamba ni ya Krismasi.

Namna ya kuiangalia hii: usihangaike na swali la kama mzee ni Baba Krismasi kweli ama la. Fuatilia kila mtu anayemtendea mzee wema, afu ujiulize anapata nini. Mwenye duka anambakisha kwa sababu mauzo yanapanda. Jaji anaogopa kumtangaza kichaa maana uchaguzi unakuja na mshauri wake kamwambia wapiga kura watamla nyama. Watu wa posta wanapeleka magunia ya barua kortini kwa sababu wamechoka kuyahifadhi. Hakuna hata mmoja hapo mtakatifu, kila mtu anajitafutia lake, na kwa pamoja wanafanya jambo jema kabisa. Mi naona hii ni akili kubwa sana kwa muvi ambayo watu wanaiita ya watoto. Ukimaliza utaona wema wa hii dunia mara nyingi unapitia mlango wa nyuma.

Halafu kuna kipande kimoja usikubali mtu akuongeleshe. Mama mlezi analeta binti mdogo kwa Baba Krismasi, mtoto ametoka Uholanzi, yatima, hajui Kiingereza, mama anaomba radhi kwamba nilimwambia hutaweza kuongea naye ila kang'ang'ania. Mzee anamgeukia mtoto, anaanza kumwongelesha Kiholanzi. Wanaimba wote. Hakuna tafsiri inayopita chini, huelewi neno hata moja na wala huhitaji. Sasa usimwangalie yule mtoto wa Kiholanzi, mwangalie Susan, binti mwingine aliyesimama pembeni, ambaye mama yake kamlea asiamini hadithi yoyote. Natalie Wood ndo anacheza, alikuwa kadogo tu. Ile sura ya mtoto anayepiga hesabu kichwani na hesabu inakataa.

Yule bahili

Scrooge siwezi kumkwepa. Kitabu chake, A Christmas Carol cha Charles Dickens, kilitoka tarehe 19 Disemba 1843, na muvi zake ni nyingi mno, ya zamani kabisa ambayo vipande vyake bado vipo ni ya 1901, haina sauti. Ushauri wangu chagua moja ukae nayo, usianze kulinganisha, utageuka mtu wa kulalamika tu. Yangu ni ile ya Waingereza ya 1951, anayecheza ni Alastair Sim. Mizuka haitakutisha sana siku hizi, na katikati kuna maelezo marefu ya ujana wake ambayo unaweza ukayaona yanazunguka, vumilia.

Unavumilia kwa sababu ya mlango. Asubuhi ya Krismasi mzee kashabadilika, amechekacheka na kurukaruka chumbani, sasa anaenda kwa mpwa wake ambaye amekuwa akimkatalia mwaliko kila mwaka. Anafunguliwa na mfanyakazi wa ndani, binti. Anasimama pale kwenye mlango wa chumba walichomo watu, anaogopa kuingia. Mzee mzima, tajiri, aliyetishwa na mizuka usiku mzima, anachoogopa kweli ni kufungua mlango wa chumba ambacho watu wanafurahi. Anamgeukia yule binti, na binti haongei, anamtikisia kichwa tu, nenda. Sekunde chache. Mtu yeyote aliyewahi kukosana na ndugu miaka halafu akajikuta mlangoni kwao anaijua ile hali.

Kama una watoto chukua ile ya vikaragosi, The Muppet Christmas Carol ya 1992. Michael Caine kazungukwa na midoli yenye manyoya na hatabasamu kuwaonesha kwamba anajua ni utani, anacheza kama yuko jukwaani na waigizaji wakubwa wa Uingereza. Ndo maana inafanya kazi.

Na Home Alone?

Ni ile ya mtoto aliyesahauliwa nyumbani, ya 1990, sasa imeshakuwa ya zamani tusibishane. Watoto watacheka majambazi wanavyopigwa na pasi na makopo ya rangi, waache wacheke, wewe mkubwa kazi yako ni nyingine. Fuatilia yule mzee jirani wa kutisha anayemwaga chumvi barabarani. Anaitwa Marley, na jina hilo ni la yule mshirika wa Scrooge aliyekufa, kwa hiyo waliotengeneza walijua wanachofanya. Kipande chenyewe ni cha kanisani, mtoto na mzee wamekaa benchi moja, kwaya inafanya mazoezi, mzee anasema hajaongea na mwanae miaka. Mtoto anamwambia si umpigie. Mzee anauliza je asipotaka kuongea na mimi? Mtoto anamjibu angalau utakuwa umejua, utaacha kuogopa. Baada ya hapo rudi kwenye makelele yako. Ila mwishoni kabisa mtoto akienda dirishani na wewe nenda naye.

Kuna ubishi utakukuta ukianza kuongelea haya mambo, wa Die Hard, kwamba ni ya Krismasi au siyo. Ilitoka Julai 1988, watu wanapigana risasi ghorofani. Kipimo changu ni kimoja na unaweza kukitumia kwa muvi yoyote: itoe Krismasi, uone kama hadithi inasimama. Jamaa kasafiri kwa sababu ni Krismasi, kaja kupatana na mkewe, kamkuta kwenye pati ya Krismasi ya ofisini, jengo tupu kwa sababu ni sikukuu. Ukiitoa inabomoka. Kwa hiyo ni ya Krismasi, mi sina swali. Kipimo hichohicho kinazitoa nyingi mpya ambazo mti umewekwa kwenye kona kama pambo na hadithi ingeweza kutokea mwezi wa tano.

Mwaka unaofuata

Hapa ndo utamu wenyewe ulipo. Muvi hizi zimetengenezwa kurudiwa, na ukirudia usifuate steringi tena, unamjua ataishia wapi. Chagua mtu mmoja wa pembeni umfuate yeye tu mwanzo mpaka mwisho. Mwaka mmoja nilimfuata Mary, mke wa George, nikagundua kumbe nusu ya mambo mazuri kwenye ile muvi anayafanya yeye kimyakimya wakati mumewe anaota safari, hata ule mchango wa mwisho ni yeye aliyezunguka kuomba. Nilikuwa nimeiangalia miaka na sikuwa nimemwona.

Nilipokuwa mdogo nilikuwa nataka George asafiri, aondoke kwenye kile kimji, nilimkasirikia baba yake kwa kufa. Siku hizi ninayemwangalia ni anko Billy, yule mzee msahaulifu anayefunga nyuzi vidoleni ili akumbuke mambo, na ndiye aliyezipoteza zile dola 8,000, kazikunja kwenye gazeti kamkabidhi Potter mwenyewe bila kujua. George anamkunja koti anamfokea kwamba mmoja wetu ataenda jela na haitakuwa mimi, anaondoka, anamwacha pale mezani na wanyama wake anaowafuga. Mzee anainamisha kichwa analia. Na pale kindi mmoja anapanda mkono wake taratibu mpaka karibu na bega, hakuna anayesema kitu, na kamera imetulia tu.